Huhitaji Kupanda Kibo: Dhana Potofu Kuhusu Mashindano ya Redio ya Ridhaa

Wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, waendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu bila biashara, kote duniani huanza kuitana hewani kwa saa 48 mfululizo katika mashindano ya CQ World Wide. Hiyo ni ya sauti. Wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba huwa ni ya Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu. Alama za wito za Tanzania, yaani majina rasmi ya stesheni hewani, huanza na 5H, na ni chache mno zinazosikika hewani. Stesheni ya Arusha au Moshi ikijitangaza, wa Ulaya na Japani huigombea. Nasikitika kuona vijana wetu wenye akili ya redio wakiikosa nafasi hiyo kwa sababu ya maneno ambayo hayana ukweli.

"Ili ufike mbali lazima uwe mlimani"

Hili ndilo linalosemwa zaidi huku kwetu, na naelewa linakotoka. Tumezoea redio za magari ya watalii na za waongoza wageni mlimani. Hizo hutumia masafa ya juu ambayo mawimbi yake husafiri karibu na mstari ulionyooka, hivyo aliye juu husikika na aliye bondeni hupotea. Mawimbi mafupi ya mashindano, kuanzia bendi ya mita 160 hadi mita 10, hufuata njia nyingine. Hupanda hadi ionosfia, tabaka za hewa zilizochajiwa na miale ya jua, kisha hupindishwa na kurudi ardhini. Tabaka lenye kazi kubwa liko kilomita mia mbili na zaidi juu yetu, na mruko mmoja unaweza kufika takriban kilomita 4,000. Tokyo iko zaidi ya kilomita 11,000 kutoka hapa, yaani miruko mitatu hivi. Mbele ya kimo cha tabaka hilo, mita 5,895 za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haziongezi kitu cha maana.

Tena mlima unaweza kukuzibia. Mawimbi ya mbali huondoka na kufika yakiwa yameinama, digrii chache tu juu ya upeo wa macho. Ukiwa Moshi mjini, Kibo iko kaskazini yako, kama kilomita 30, na kilele kimeuzidi mji kwa karibu kilomita 5. Piga hesabu: mlima unafunika anga hadi digrii 9 hivi upande huo. Ujerumani iko digrii kama 20 magharibi mwa kaskazini, kwa hiyo njia yake inapita kwenye bega la mlima. Aliye Kibosho au Machame amesogelea ukuta zaidi. Arusha ina Meru upande wa kaskazini, umeegemea mashariki kidogo, lakini kaskazini-magharibi, njia ya kuelekea Marekani, pako wazi zaidi. Kabla hujanunua chochote, simama uwanjani kwako na dira uone mlima umekaa wapi.

"Bila mtambo mkubwa na mnara, usijisumbue"

Si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Kipimo cha nguvu kwenye redio kina alama za S, na kila alama ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne hivi. Kutoka wati 5 hadi wati 100 ni desibeli 13, yaani alama mbili tu na ushei. Kutoka wati 100 hadi 1,500, kiwango cha juu kabisa kwenye mashindano haya, ni kama alama mbili nyingine. Stesheni inayokusikia vizuri kwa wati 100 itakusikia kwa wati 5 pia, ila kwa taabu zaidi wengine wakikuzidi sauti. Ndiyo maana mashindano yana makundi: wati 5, wati 100, na wenye nguvu kubwa. Hushindani na mwenye mtambo wa wati 1,500 ikiwa wewe una wati 100.

Fedha kidogo uliyo nayo iweke kwenye antena. Kwa bendi ya mita 20, waya wa mita 10 uliokatwa katikati, mita 5 kila upande, ukiunganishwa na redio kwa waya wa koaksia (wa aina ya ule wa antena ya televisheni), unatosha kabisa. Uning'inize juu iwezekanavyo. Mita 10 ni kimo kizuri, na mti mrefu wa shambani hukifikia. Waya huo hutoa nguvu zaidi kwa pande zake mbili kuliko kwenye ncha. Ukiufunga kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, ubavu wake utaelekea Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya. Japani itabaki kwenye ncha, kwa hiyo funga wa pili ukiuelekeza vingine. Nguzo za umeme ziwe mbali na waya wako, mbali kweli, hata ukikatika na kuanguka. Na kwa kuwa Oktoba na Novemba ni vuli, ngurumo zikikaribia chomoa antena bila kusubiri.

"Usiku ndipo redio hushika"

Nusu ya jambo. Wazee waliosikiliza mawimbi mafupi usiku hawakukosea, kwani tabaka la chini la ionosfia hunyonya mawimbi ya bendi za chini mchana, na jua likizama hutoweka. Basi mita 40 na 80 ni za usiku, ingawa wakati wa vuli radi hujaza bendi hizo mikwaruzo. Mita 10 na 15, kinyume chake, hutaka jua. Na sisi tulio digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta tuna jua la kutosha mwaka mzima. Asubuhi tafuta Japani, mchana Ulaya, alasiri hadi usiku wa mapema Marekani. Jua nalo lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Ulioanza Desemba 2019 ulifika kileleni karibu na 2024, na bendi za juu bado zinakula matunda yake.

Mashindano huanza saa sita usiku kwa saa za UTC, saa za pamoja za dunia. Kwetu hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na mwisho ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Hulazimiki kukesha zote. Mtu anaweza kwenda ibada Jumapili asubuhi, akarudi na kukuta Ulaya ikimsubiri mchana.

"Lazima ujue Morse na Kiingereza kizuri"

Sharti la Morse liliondolewa katika kanuni za kimataifa mwaka 2003. Na mazungumzo ya mashindano ni alama ya wito, ripoti ya 59 (maana yake nakusikia vizuri), na namba ya ukanda wako katika mgawanyo wa dunia wa mashindano haya, ambayo kwa Tanzania ni 37. Jifunze kutaja herufi A, B, C kwa majina ya Alfa, Bravo, Charlie, pamoja na tarakimu, basi.

"Mwenye mawasiliano mengi ndiye mshindi"

Hapa hata wenye uzoefu huteleza. Mawasiliano na bara jingine hutoa pointi 3, na nchi nyingine ya Afrika pointi 1. Jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda ulizopata, zikihesabiwa upya kwenye kila bendi. Chukua mfano wa kubuni. Mtu wa kwanza ana mawasiliano 400 ya pointi 3 kwenye bendi moja, nchi 50 na kanda 12: 1,200 mara 62 ni 74,400. Wa pili ana 300 tu, lakini kwenye bendi nne, na jumla ya vizidishi (nchi na kanda) 150: 900 mara 150 ni 135,000. Kwa hiyo usidharau Nairobi kwa sababu ni pointi moja. Kenya ni nchi mpya kwenye kila bendi. Mtanzania mwenzako anakupa sifuri ya pointi, ila nchi inahesabiwa. Rwanda na Burundi ziko ukanda wa 36, kwa hiyo kila moja yaweza kukupa nchi na ukanda kwa pamoja. Ukiona bendi moja inatiririka, ni vigumu kuiacha, lakini ihame.

"Ukiwa na redio tu unaanza," na jirani yake: "Hao ni majasusi"

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Nenda ukaulize kabla ya kuagiza mtambo nje. Leseni hiyo ndiyo jibu pia kwa jirani mwenye hofu akiona nyaya juu ya mti: kila mawasiliano hutajwa kwa alama ya wito iliyosajiliwa, kuficha maana ya ujumbe kunakatazwa, na biashara hairuhusiwi. Mwite aje asikilize. Hofu nyingi huishia hapo.

"Siku hizi kuna WhatsApp"

Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikakaa na mtandao wa kuchechemea. Ionosfia haikatiki kama waya. Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, waendeshaji wa ridhaa waliokuwa huko kwa ajili ya mawasiliano ya mbali waligeuza stesheni zao kupeleka habari za dharura. Uwezo wa kunasa jina na namba katikati ya kelele, kwa betri ya gari, ndio unaonolewa na mashindano.

"Nimepata ishirini tu, sina haja ya kutuma"

Tuma orodha ya mawasiliano yako kwa waandaaji. Wao hulinganisha orodha zote kwa kompyuta, na orodha yako fupi huthibitisha kazi ya waliokusikia. Muda ni siku 5 baada ya mashindano. Pitia alama za wito kwanza kwa utulivu, kwani uliyoiandika vibaya hufutwa na adhabu huongezwa juu yake.