Tik-tik ya Asubuhi Si Lazima Iwe Tapeti
Madereva wengi wa pikapu Dodoma huamini kwamba mlio wa tik-tik kwenye baridi ya asubuhi ya Julai ni wa tapeti (vipande vinavyosukuma vali za injini), na ukikoma injini ikipata moto basi gari ni zima. Sivyo. Mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, inayovuja. Chuma chake kikipata moto hutanuka, ufa ukajiziba. Kikipoa unafunguka tena. Kutanuka na kusinyaa huko ndiko hukata bolti zinazoishikilia, hasa za ncha mbili za mwisho.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mulika tochi pale manifoldi inapokutana na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini). Masizi yaliyotambaa kama mkia yanaonyesha panapovuja. Moshi unaovuja ukiingia ndani ya gari ni hatari kweli: kaboni monoksaidi haina harufu.

Ukitengeneza, tafadhali usipachike gasketi (kiziba cha kati ya manifoldi na silinda hedi) mbili. Bolti zilizoshika ziloweshe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Pima uso wa manifoldi kwa rula ya chuma. Ukiwa umepinda, upelekwe kusagwa. Weka gasketi mpya, kisha kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu 3. Kuchomelea manifoldi kwa rodi za kawaida bila kuipasha moto kwanza huzaa ufa mwingine kando ya ule wa mwanzo.