Nano si tano, na chanjo si dawa

Juzi, katika duka moja la dawa za mifugo mjini Masaka, Uganda, nilimsikia mfugaji akiomba "chanjo ya nano ya kutibu" nguruwe wake aliyeshikwa na homa ya nguruwe ya Afrika. Muuzaji akauliza kama nano ni sindano tano. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana neno hili limeshanichosha.

Chanjo ya nano, kwa haraka, ni chanjo ambayo vipande vya protini ya kirusi vimebandikwa juu ya chembe ndogo mno, vikapangwa kwa wingi ili kinga ya mwili ivione kama kirusi kamili. Chembe moja inayopendwa na watafiti ni feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini. Vipande vyake 24 hujipanga kuwa tufe lenye uwazi ndani, upana nanomita 12 hivi.

"Nano" ni Kigiriki, maana yake kibeti. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Hicho ni kipimo cha ukubwa, hakisemi lolote kuhusu nguvu. Hata kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, kina upana wa nanomita 200 hivi. Adui naye ni wa nano, basi.

Lakini linaloniuma zaidi ni hilo neno chanjo. Kuchanja ni kukata, kama tunavyochanja kuni. Mganga alichanja chale, kisha akapaka dawa juu yake, na nashuku hapo ndipo mambo mawili yalipoanza kuchanganywa. Waganda wana okugema kwa kuchanja na eddagala kwa dawa, maneno mawili mbalimbali kabisa, ila ukifika dukani kila kichupa ni eddagala. Dawa hupambana na ugonjwa ulioingia. Chanjo huufundisha mwili kabla ya ugonjwa kufika, na somo hilo huchukua siku nyingi, wakati nguruwe aliyepatwa na homa hii kali mara nyingi hufa ndani ya siku chache.

Tena kwa homa hii chanjo ya nano bado iko maabara. Kirusi chake kina protini zaidi ya 150, na kujua zipi zibandikwe kwenye chembe ndiyo kazi. Chanjo zilizoruhusiwa Vietnam ni za aina nyingine: virusi hai vilivyodhoofishwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Masaka, siku chanjo hiyo ikifika dukani, iombe kwa ajili ya nguruwe aliye mzima. Huyu wa leo mtenge na wenzake, usimuuze wala kumchinja, umwite daktari wa mifugo.