Kubana msuko hakukuzi nywele

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba msuko ukibana sana nywele hurefuka haraka, na kichwa kuuma usiku wa kwanza ni kawaida.

Imani hii ina chanzo: ukifumua baada ya wiki sita, nywele huonekana zimerefuka kweli. Lakini unywele huota kutoka ndani ya ngozi, wastani wa sentimita 1 kwa mwezi, usuke usisuke. Msuko huzikinga tu zisikatike kwa kuchanwa kila siku, na hata uliolegea hufanya hivyo. Chukua rula upime kutoka kwenye ngozi hadi rasta (nywele za bandia) zilipoanzia. Linganisha msuko uliobana na uliolegea: ukuaji ni uleule.

Kuvuta ndiko kunakodhuru. Angalia kwenye kioo, juu ya paji na karibu na masikio: vipele vidogo, ngozi iliyoinuka kwenye mizizi, nywele nyembamba. Ukifumua mapema, kwa kawaida nywele hurudi. Ukivumilia miaka mingi, ngozi huweza kupata kovu na upara ukabaki. Kwa hiyo mwambie msusi alegeze kabla hujainuka kitini. Msusi mzuri hachukii. Kingo za nywele zikizidi kurudi nyuma, muone daktari wa ngozi.