Simu ya mezani isiyo na waya na betri zake

Simu isiyo na waya, ile unayoiona mapokezi kwenye ofisi na kliniki za Nairobi, si simu ya rununu. Ni simu ya mezani iliyogawanywa mara mbili: kitako kinachochomekwa kwenye waya wa simu na kwenye soketi, na mkono wa simu unaobebwa. Viwili hivi huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Zile za DECT, mfumo wa kidijitali wa simu hizi, hufika mita 50 hivi ndani ya jengo, pungufu ya hapo kuta zikiwa za mawe.

Ndani ya mkono, mara nyingi kuna betri mbili za AAA zilizoandikwa Ni-MH (nikeli na metali haidraidi), kila moja volti 1.2. Hizi ni za kuchajiwa, na hapo ndipo balaa huanzia. Mawe ya kawaida ya rimoti, yale ya alkali, yana umbo lilelile. Yanaingia bila taabu na simu inawaka vizuri tu. Shida huja mkono ukirudishwa kwenye kitako. Vitako vingi havijui kimewekwa nini, vinasukuma umeme tu. Jiwe la alkali halikuundwa kuchajiwa: gesi hujaa ndani, kisha huvuja au kupasuka. Majimaji yake ni potasiamu haidroksaidi, ambayo huchoma ngozi na kula vyuma vya chaji. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali moja kwa moja.

Ukienda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kununua nyingine, soma maandishi kabla ya kuuliza bei. Aina na volti zilingane na zilizoandikwa chini ya kifuniko. Uwezo wa mAh, yaani kiasi cha umeme betri inachoweka, ukizidi kidogo hakuna neno, ila zitachelewa kujaa. AAA ya Ni-MH inayojidai ina mAh 3000 ni ya uongo. Nzuri kabisa hufika 1000 na kidogo. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Iliyochoka ikiwekwa na mpya, huisha mapema, na mwenzake huendelea kupitisha umeme ndani yake hadi chanya na hasi zigeuke. Hapo nayo huvuja. Chaji ya kwanza kwa kawaida ni saa 15 au 16 mfululizo.

Betri kupata uvuguvugu ikichaji ni kawaida. Ikiwa ya moto hata haishikiki, au imevimba, chomoa adapta ukutani na uiache ipoe. Adapta nayo isibadilishwe ovyo: ya ruta yenye volti 12 huweza kuingia kwenye tundu la kitako kinachotaka 6, na kukiunguza.

Stima ikipotea, kitako hufa hata kama mkono umejaa chaji. Kwenye laini ya shaba, simu moja ya waya kando itakuokoa. Laini ikipitia ruta ya faiba, ruta pia inahitaji umeme wa akiba.

Betri zilizokufa zifunike ncha kwa selotepu, maana zikigusana na funguo au sarafu mfukoni hupata moto. Usizichome. Za zamani zilizoandikwa Ni-Cd zina kadimiamu, ambayo ni sumu, kwa hivyo zisiende jaa la Dandora na takataka za jikoni. Zipeleke WEEE Centre au kwa wengine wanaopokea taka za elektroniki.