Safari nne zilifutwa, mbili zikabaki ukurasani

Upepo wa kusi uliposhika kasi, safari nne za boti kati ya Mkoani na Unguja zilifutwa, na ukurasa wa ratiba nimeuandika mimi. Programu ilitakiwa iziondoe zote nne. Ikaondoa mbili. Karani wa tiketi akanipigia simu: kuna bibi katoka Micheweni alfajiri, kaja na simu yake mkononi, boti imeandikwa ipo. Micheweni hadi Mkoani ni kukikata kisiwa kizima cha Pemba, kaskazini hadi kusini. Nilimtaka radhi kwa simu ile ile, kisha nikaufungua msimbo.

Nilikuwa nimezikusanya safari kwa amri ya JavaScript, getElementsByClassName('imefutwa'), inayokusanya kila kitu chenye klasi (lebo) hiyo, halafu nazifuta moja moja kuanzia nafasi ya sifuri. Orodha inayoletwa na amri hiyo ni hai: elementi (kipande cha ukurasa) ikitoka ukurasani, papo hapo inatoka na orodhani. Nilipoifuta ya kwanza, ya pili ikasogea nafasi ya sifuri. Kihesabu kikaenda moja, kikaikuta ya tatu. Ya pili imerukwa. Ya tatu ikafutwa, kihesabu kikafika mbili, orodhani zimebaki mbili tu, kitanzi, yaani marudio ya kufuta, kikasimama. Konsoli, dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa, haikuandika kosa lolote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Dawa yake ni mstari huu:

document.querySelectorAll('.safari.imefutwa').forEach(s => s.remove());

Orodha hii ni kama picha ya watu waliokaa barazani: mmoja akiinuka akaenda zake, kwenye picha bado yumo. Basi hakuna anayesogea, hakuna anayerukwa.

Na kiteuzi chenyewe, yaani maandishi yaliyomo ndani ya mabano, ni kile kile unachokitumia kupaka rangi kwenye CSS, lugha ya mapambo ya ukurasa. Itazame nukta ya .safari na nukta ya .imefutwa. Kabla ya nukta ya pili hakuna nafasi, yaani elementi moja iwe na klasi zote mbili. Ukiandika '.safari .imefutwa', unatafuta kitu kilichomo ndani ya safari, na kwenye ukurasa wangu hutapata kitu. Wengi ninaowafundisha hapa Chake Chake huteleza hapo, nami siwalaumu, maana nafasi moja haionekani kwa macho yaliyochoka. Ukitaka za bandari moja, andika '[data-bandari="mkoani"]'.

querySelector huleta moja tu, ya kwanza inayolingana. Isipoipata hurudisha null, yaani hakuna kitu, kwa hiyo ikague kabla hujaigusa.

Siku hizi, kabla sijaupandisha ukurasa, natia safari nne za majaribio, nazifuta, kisha nahesabu zilizobaki.