Hatimiliki unayo, lakini ilitoka wapi?

Kesi nyingi ninazosimamia katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Kenya huwa na watu wawili, kila mmoja ameshika hatimiliki ya shamba lile lile. Wote huamini karatasi hiyo yatosha. Haitoshi.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaanza kwa kumlinda aliyesajiliwa, kisha kinaacha milango miwili ya kumpinga. Wa kwanza ni ulaghai au maelezo ya uongo, na hapo lazima ithibitishwe kwamba mwenye hati alihusika. Wa pili ni hati iliyopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Huu ndio unaowaliza wanunuzi, kwa sababu majaji wameamua kwamba hati kama hiyo inaweza kufutwa hata kama aliyenayo leo hakujua lolote.

Tazama kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichokuwa kikibishaniwa, karibu na ufuo wa Nyali, kiligawiwa kwanza Daniel arap Moi mwaka 1989 akiwa rais, kikapitia kampuni nyingine, ndipo Dina ikakinunua. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kwamba ugawaji ule wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo nia njema ya mnunuzi wa mwisho haikuweza kumwokoa. Uamuzi huo ni mchungu, lakini naukubali: ardhi ya umma haiwezi kusafishwa kwa kuuzwa tena na tena.

Anayedai ulaghai naye ana mzigo. Lazima autaje waziwazi katika madai yake na kuuthibitisha kwa kiwango kinachozidi kile cha kesi za kawaida za madai. Hasira na uvumi wa kijiji havimfikishi popote. Karatasi ndizo zinazosema: mkataba, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kama ni shamba la kilimo, fomu ya uhamisho, risiti ya ushuru wa stempu, rekodi za benki. Cheti cha kifo kinachoonyesha kwamba muuzaji alifariki kabla ya tarehe ya sahihi yake kina uzito kuliko mashahidi kumi.

Ndiyo maana nawasihi wanunuzi wasiridhike na cheti cha upekuzi kinachotolewa na ofisi ya ardhi, kwa kuwa kwa upande wa wamiliki kinaonyesha jina la leo tu. Omba nakala ya rejista nzima, ile kadi ya kijani, umfuate kila mmiliki hadi wa kwanza.

Na ukigundua shamba lako limehamishwa, usikae. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Penye ulaghai huhesabiwa tangu ulipougundua, au ulipopaswa kuugundua kama ungekuwa makini. Weka tahadhari kwenye rejista, yaani zuio la kusajili uhamisho wa shamba hilo, kabla wakili wako hajaandika barua yoyote ya madai, maana barua hiyo humzindua mlaghai, naye anaweza kuliuza shamba kabla kesi haijafunguliwa.