Bekapu ni nini hasa, na programu gani ya bei ya chini inafaa mashini ya nyumbani

Bekapu ni nakala ingine ya mafaili yako inayokaa fasi ingine kabisa, na siku mashini (kompyuta yako) ikikufa unairudisha unaendelea na kazi. Hiyo sehemu ya kurudisha njo watu wanairuka, na kwangu miye njo inayopima kama programu ni nzuri ama haifai, bei inakuja nyuma.

Hapa Goma utaona mwanafunzi anakopi folda ya TFC (kazi ya kuandika ya kumaliza masomo) kutoka Desktop anaiweka kwenye D ya mashini ile ile, anakwambia niko na bekapu. Hapana ndugu yangu, kwenye laptop nyingi C na D ni diski moja tu iliyogawanywa, umeme ukikatika ukarudi na nguvu ya kuchoma diski basi zote mbili zinaenda pamoja, na mwizi akibeba mashini amebeba nakala na yenyewe.

Kuna kitu kingine watu wanachanganya, ile ya mafaili kujipeleka yenyewe kwenye Google Drive ama OneDrive. Ni nzuri, siikatai, lakini kazi yake ni kufanya pande zote mbili zifanane, kwa hiyo ukifuta faili kwenye mashini na kule inafutwa, na virusi ikiharibu faili, ile iliyoharibika njo inapanda kuchukua nafasi ya nzima. Google Drive inakaa na ulichofuta siku 30 kwenye pipa la taka, kisha inapotea. Kama umegundua baada ya miezi mitatu, pole sana.

Na ya tatu ni programu za kuokoa mafaili yaliyofutwa, kama Recuva, ama PhotoRec ambayo ni ya bure kabisa. Hizi si bekapu, ni dawa ya mtu ambaye hakufanya bekapu. Namna zinafanya kazi: ukifuta faili, mashini haiipanguse hapo hapo, inafuta tu alama inayosema faili iko wapi, data yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Njo maana ukifuta kitu cha maana simamisha kila kitu, usidaunlodi, usiangalie video, na hiyo Recuva usiiinstole kwenye diski ile ile unayotaka kuokoa, iweke kwenye flashi. PhotoRec itakurudishia picha na dokimenti lakini majina ya mafaili yatakuwa yamepotea, unabaki na mamia ya mafaili yenye namba, unafungua moja moja. Na kama mashini yako iko na SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani), matumaini ni madogo sana, juu SSD za leo zinasafisha zenyewe fasi za mafaili yaliyofutwa, mara nyingi muda mfupi tu baada ya kufuta. Mtu akikuuzia programu ya kuokoa kwa dola 60 ama 70 akakuahidi kila kitu kitarudi, jaribu kwanza za bure, na uangalie kama inakuonyesha mafaili kabla ya kulipa.

Sasa bekapu yenyewe. Iko ya mafaili tu (dokimenti, picha, hesabu za boutique), na iko ya mashini nzima ambayo wanaiita imeji, inachukua Windows, programu na kila kitu, ili ukinunua diski mpya uirudishe vile ilikuwa bila kuinstole upya. Mara ya kwanza programu inakopi vyote, na mara zinazofuata nzuri zinachukua paka kile kilichobadilika, kwa hiyo haikumalizii saa nzima kila jioni. Mtu wa nyumbani, mafaili njo ya haraka. Imeji ni ya yule ambaye mashini yake iko na programu ngumu kupata tena, kama ya hesabu ama ya ramani.

Kabla ya kutafuta ya kununua, angalia ile uko nayo tayari. Windows tangu toleo la 8, mwaka 2012, iko na File History, unachomeka diski ya nje, unaiwasha, na kila saa inachukua kilichobadilika, inatunza na matoleo ya zamani, ukiharibu sura ya pili ya TFC leo unaweza kuchukua ile ya juzi. Kwenye Windows 11 wameificha ndani ya Control Panel na badala yake wanakusukuma kwenye OneDrive ambayo ya bure ni GB 5 tu. Jambo moja uliangalie sana: File History inachukua Desktop, Documents, Pictures na folda kama hizo, ile folda umejitengenezea kwenye D haiiguse mpaka uiongeze wewe mwenyewe. Wenye Mac wako na Time Machine tangu 2007, hawana haja ya kununua kitu isipokuwa diski. Wa Linux wako na Déjà Dup.

Kama unataka imeji, Veeam Agent iko na toleo la bure la Windows, inakutengenezea na flashi ya kuwashia mashini ambayo haiwaki tena, na bila hiyo flashi imeji yako itakaa kwenye diski unaiangalia tu. Clonezilla pia ni ya bure, lakini ni ekrani nyeusi ya maandishi na inataka kawaida diski ya kurudishia isiwe ndogo kuliko ya mwanzo, miye singempa mtu anayeanza. Duplicati ni ya bure, inafunga bekapu kwa neno la siri, ukilisahau hakuna wa kukufungulia, liandike kwenye karatasi nyumbani. Na ujue ya bure inaweza kukoma: Macrium Reflect ya bure ilipendwa na watu wengi, wakaisimamisha, msaada wake ukaisha tarehe 1 Januari 2024. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, angalia kama utaweza kufungua bekapu yako bila ile programu. File History inakopi mafaili kawaida, unayafungua kwenye mashini yoyote. Hiyo naipenda sana. Za kuvunja, zile wanakupa kwenye flashi na "crack" ndani, usiguse, utakuwa umempa mtu usiyemjua mlango wa kila faili uko nayo.

Pesa yako iweke kwenye diski. Flashi ya "TB 2" ya bei ya kushangaza mara nyingi ni ya GB chache iliyodanganywa ionyeshe nyingi, inakubali mafaili yote, siku ya kufungua yameharibika. Kuna kiprogramu cha bure, H2testw, kinaijaza yote kisha kinaisoma, kinakwambia ukweli. Na kama flashi iko FAT32 (namna moja ya zamani ya kupanga mafaili ndani yake) haitakubali faili inayopita GB 4, imeji itakataa, iformate NTFS ama exFAT kwanza, baada ya kutosha kilichomo.

Ya intaneti, piga hesabu ya mega kwanza. GB 100 kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 2 kwa sekunde ni zaidi ya siku 4 usiku na mchana bila kukatika. Kwa hiyo kwenye intaneti weka vidogo vya maana, TFC, diplome iliyoskaniwa, hati ya kiwanja, vingine vikae kwenye diski.

Lakini diski isilale pembeni ya mashini. Tunajua: 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilitoka jioni, tarehe 27 sehemu kubwa ya mji wa Goma ikaambiwa ihame, watu wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda boti ya Bukavu, na hakuna aliyebeba ordinatere ya mezani kichwani. Diski ya nje inaingia mfukoni. Ukiweza diski mbili, moja ikae kwa ndugu Bukavu, mnabadilishana akipita. Na ukimaliza bekapu itoshe kwenye mashini, juu virusi za kufunga mafaili ili ulipe zinafunga na diski iliyochomekwa.

Kisha jaribu. Chukua folda moja, irudishe kwenye mashini ya rafiki, fungua Word tatu nne na picha chache, uone zinafunguka. Kama huna hata dola ya diski, leo jioni jitumie TFC kwa imeili yako mwenyewe, na nakala ingine iweke kwenye flashi ya mwenzako wa darasa, yeye naye ya kwake aiweke kwenye ya kwako.